Masikio yanalia nyiii usiku kucha: tafuta chanzo kwanza, dawa baadae

Swali ni lile lile kila siku, "masikio yangu yanapiga kelele, nitumie dawa gani?", na ukweli ni kwamba mtu akiuliza hivyo bado hajasema kitu. Huo mlio, ambao madaktari wanauita tinitasi, sio ugonjwa, ni dalili, na vitu vinavyouleta ni vingi mno, kuanzia nta iliyojaa sikioni mpaka dawa ya malaria uliyowekewa kwenye dripu wiki iliyopita mpaka presha mpaka sabufa ya jirani yako. Kwa hiyo ukienda duka la dawa na muuzaji akakupa matone bila kukuuliza chochote wala kuchungulia sikio, ujue hapo mmebahatisha wote wawili.

Kuna wanaosema sikio likilia basi kuna mtu anakusengenya. Haya sawa, ila kama unasengenywa miezi sita mfululizo usiku na mchana na hawapumziki hata kula, nenda kapime tu.

Kabla hujafanya lolote jiulize mambo manne na majibu yaandike hata kwenye simu maana ukifika kwa daktari utasahau. Ni sikio moja au yote mawili? Mlio ni wa moja kwa moja (nyiii, shhhh, mluzi) au unadunda du-du-du? Ulianza lini, na siku hizo ulikuwa unafanya nini, ulikuwa wapi, ulikuwa unatumia dawa gani? Na la nne ndo kubwa kuliko yote: kusikia kwenyewe kukoje, kumepungua au kupo vile vile, na kuna kizunguzungu, usaha, maumivu? Ukishakuwa na majibu hayo soma kipande kinachofanana na hali yako, sio lazima usome vyote.

YA KUKIMBIA NAYO LEO LEO

Sikio moja limekata ghafla. Jana ulikuwa unasikia vizuri, leo umeamka limekufa na ndani yake kuna mluzi. Wengi hapa wanasema "mafua haya, yataisha" wanakaa wiki tatu, na wakija muda umeshapita, kwa sababu kama mshipa wa fahamu wa sikio ndo umeguswa kuna vidonge vya jamii ya steroidi vinavyoweza kusaidia, na vinasaidia zaidi vikianzwa siku za mwanzo kabisa, ikipita wiki mbili uwezekano unashuka sana. Kuna kajaribio ka nyumbani: funga mdomo uguneee "mmmmm". Sauti ikienda kwenye sikio bovu, mara nyingi ni kuziba tu, nta au majimaji. Ikienda kwenye sikio zima, hapo wasiwasi ni mshipa, usilale, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Haka kajaribio hakachukui nafasi ya kipimo, ila kanakusaidia kujua ukimbie au utembee.

Mengine ya kukimbia nayo: mlio uliokuja pamoja na upande mmoja wa uso kulegea au maneno kuburuzika, kizunguzungu kikali mpaka huwezi kutembea, ajali ya kichwa halafu sikio linatoa damu au maji maji meupe. Na mtoto aliyeingiza betri ndogo ya saa sikioni, hiyo inaunguza ndani kwa masaa machache tu, usisubiri kesho wala usiweke matone ya aina yoyote.

SIKIO LIMEZIBA HALAFU LINALIA

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni nta na ndo cha kuangaliwa kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ni rahisi kuonekana na rahisi kutoa. Nta sio uchafu, ni kinga, na sikio lina utaratibu wake wa kuisukuma nje taratibu. Tatizo ni sisi. Vijiti vya pamba, njiti za kiberiti, pini za nywele, unyoya wa kuku, funguo ya pikipiki, jamani nimeona mtu anasafisha sikio kwa kifuniko cha kalamu huku anaongea na simu. Vyote hivyo vinatoa nta kidogo vinashindilia nyingi. Halafu siku moja unaoga au unaogelea, maji yanaingia, nta inavimba, sikio linaziba ghafla na mlio unaanza, unadhani umepata ugonjwa mkubwa kumbe ni kizibo.

Cha kufanya: matone ya mafuta ya zeituni, au yale matone ya baikaboneti wanayouza duka la dawa, mawili matatu mara mbili kwa siku kwa siku tatu mpaka tano, ulale ubavu sikio likiwa juu kama dakika tano hivi. Siku za mwanzo unaweza kuhisi limeziba zaidi, ni kawaida, nta inalainika. Isipotoka nenda kituo cha afya wakaoshe, na maji yawe ya vuguvugu sawa na joto la mwili, yakiwa baridi utazungukwa na dunia hapo hapo kwenye kiti. ILA usiweke matone wala usioshe kama sikio linatoa usaha, linauma, umewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio au uliwahi kuambiwa ngoma ya sikio (kile kiwambo chembamba cha ndani) ina tundu. Mshumaa wa sikio uache, kitunguu swaumu kilichochemshwa na mafuta kiache, na mafuta ya moto ndo kabisa.

Kama ndani kuna kitu kinakwaruza kwaruza na kilianza usiku ukiwa umelala, fikiria mdudu. Mende anapenda hilo tundu sana. Weka mafuta ya kupikia yasiyo ya moto (kwa sharti lile lile la ngoma isiyo na tundu), mdudu atakufa na kelele itakatika, kisha kituo cha afya watamtoa. Usimvue na kibanio na usimmulike mende kwa tochi, yule anakimbia mwanga atazidi kuingia. Ikiwa mtoto ameingiza harage au punje ya mahindi usiweke maji, vitavimba humo ndani.

Halafu kuna kuziba kwa mafua na kwa hewa. Nyuma ya pua kuna kijimrija kinachoenda sikio la kati, kazi yake kusawazisha hewa, mafua yakikivimbisha sikio linakuwa kama umezama majini na kuna mvumo. Ni kile kile unachohisi basi likishuka mlima Kitonga au ukitoka Lushoto kuja Mombo, au ndege ikitua. Meza mate, piga miayo, tafuna bigijii. Kubana pua na kupuliza kunaruhusiwa ila kwa upole, wapo wanaopuliza kama wanajaza tairi wanajiumiza bure. Mafua yakiisha na masikio bado hayajafunguka baada ya wiki kadhaa, kapime, inawezekana kuna majimaji yamebaki.

Usaha ni habari nyingine. Sikio linalotoa usaha zaidi ya wiki mbili limeshakuwa sugu na karibu kila mara ngoma ina tundu. Hapo nina neno na maduka ya dawa: matone ya jentamaisini yanauzwa kama pipi, na dawa hiyo ikipita kwenye tundu la ngoma inaweza kufika sikio la ndani ikaharibu usikivu na ikaleta mlio ambao hautoki. Kwa sikio lenye tundu madaktari wengi wanaona matone ya siprofloksasini ndo salama zaidi. Kwa hiyo sikio likaangaliwe kwanza, matone baadae, na wakati huo lisiingie maji.

KELELE ZA KAZINI NA ZA STAREHE

Mlio uko masikio yote mawili, mwembamba kama nyenje, ulianza baada ya muziki wa kigodoro au unakuja kila ukitoka kazini. Huyu ndo mteja mkubwa na hajijui.

Ndani kabisa ya sikio kuna vijiseli vyenye vinyweleo, kama elfu 15 tu kila sikio, kazi yake kugeuza mtikisiko kuwa taarifa ya ubongo. Kelele kubwa inavichosha, ikizidi inaviua, na kwa binadamu havioti tena. Vikifa ubongo unakosa taarifa ya sauti zile, sasa badala ya kukubali ukimya unaongeza sauti yake wenyewe kutafuta, kama mtu aliyepoteza stesheni anapandisha redio mpaka mwisho anapata shhhhh tu. Hiyo shhhh ndo unayoisikia. Ndo maana mlio mara nyingi unakaa kwenye sauti nyembamba, kwa sababu kelele inaanza kuua usikivu wa sauti nyembamba kabla ya nzito, na ndo maana mtu anasema "mi nasikia vizuri tu" wakati akiongea na watoto au wanawake kwenye kelele anasema "ee? unasemaje?"

Mahesabu yanayotumika na wataalamu wa afya kazini ni hivi: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 masaa 8 ndo mwisho, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwa hiyo 88 masaa 4, 91 masaa 2, 94 saa moja, na ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Grinda ya kukatia chuma inapita 95 kirahisi. Sasa fundi wa mageti anayekata chuma toka asubuhi mpaka jioni bila kitu masikioni, jumlisha mwenyewe. Mashine ya kusaga na kukoboa ndani ya kibanda cha bati, wenye jenereta, wapiga debe wanaokaa karibu na honi siku nzima, makondakta wa matatu za Nairobi zenye spika chini ya siti, madijei, na samahani kwa hili, wanaokaa mbele ya spika kwenye mkesha wa maombi usiku mzima na watoto wadogo mgongoni. Kama huna kipimo tumia hiki: mtu yuko umbali wa mkono mmoja na inabidi upaze sauti ndo akusikie, basi hapo kelele imezidi.

Mlio wa baada ya muziki kwa kawaida unaondoka ndani ya siku moja au mbili. Ukiondoka usishangilie, lile lilikuwa onyo, maana kila ukirudia unaacha kitu nyuma. Ukipita siku hizo mbili na upo, kapime usikivu.

Kujikinga: pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana, watu wengi wanajidanganya nayo. Nunua vizibo vya sponji, vipo maduka ya vifaa vya usalama na havina bei ya kutisha, unakisokota kiwe chembamba, unavuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, unaingiza, unashikilia mpaka kifutuke. Kikining'inia nje ujue hujakivaa. Na kama umeajiriwa Tanzania, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 ipo na OSHA, wakala wa serikali, ndo wanaisimamia, kwa hiyo kudai vizibo au hedifoni za kuzuia kelele sio kujidekeza.

Iafoni za simu: Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 kwa jumla ya masaa 40 kwa wiki ndo kiwango cha usalama kwa mtu mzima, simu nyingi siku hizi zina sehemu kwenye mipangilio ya kuweka kikomo cha sauti, iwashe. Na usilale nazo. Kwenye daladala yenye kelele watu wanapandisha sauti kushindana na injini, hapo ndo kuumia.

ULIANZA UKIWA KWENYE DAWA

Hiki watu wanakisahau mpaka waulizwe mara tatu. Kwinini ndo maarufu kwa wazee wetu: ukiipata masikio yanavuma, kusikia kunapungua, kichwa kinazunguka, kichefuchefu. Hiyo ni tabia ya dawa yenyewe, na kwa wengi inaisha dozi ikiisha. Siku hizi kwa malaria kali wanatumia sindano ya atesuneti, baada ya utafiti mkubwa uliotoka 2010 kwa watoto wa Afrika, Tanzania ikiwemo, kuonyesha inaokoa maisha zaidi ya kwinini, ila kwinini bado unaweza kukutana nayo. Usiikate mwenyewe, malaria kali inaua na mlio hauui, mwambie nesi au daktari waamue.

Aspirini kwa dozi kubwa inafanya vile vile na nayo inaondoka ukiacha. Diklofenaki na ibuprofeni wanazokunywa watu kila siku kwa ajili ya mgongo nazo zimo. Za kuogopa kweli ni sindano za jamii ya jentamaisini, streptomaisini, amikasini na kanamaisini, hizi zinaweza kuua vile vijiseli moja kwa moja. Waliotibiwa TB sugu zamani wanaijua hadithi hii vizuri, na ni moja ya sababu matibabu yakahamia kwenye vidonge na sindano ya kanamaisini ikaondolewa kwenye orodha. Ukiwa kwenye sindano yoyote kati ya hizo na mlio ukaanza, sema SIKU HIYO HIYO, usisubiri dozi iishe. Mwenye shida ya figo awe makini mara mbili kwa sababu dawa inakaa mwilini muda mrefu. Baadhi ya dawa za saratani, sisiplatini hasa, na dawa ya kukojoza maji ikipigwa kwa mshipa haraka haraka, nazo zipo kwenye kundi.

MLIO UNADUNDA NA MOYO

Shika mapigo yako mkononi au shingoni huku unasikiliza. Vikienda sambamba, hii ni familia tofauti kabisa, hapa mara nyingi kuna sauti ya kweli, unasikia damu inapita. Pima presha. Pima wingi wa damu, kwa sababu damu ikipungua inakimbia kwa kasi na inasikika, wajawazito na akina mama wanaotoka hedhi nyingi sana wanaipata. Tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi nalo linaleta hivyo. Mwanamke kijana mwenye uzito mkubwa, mlio unadunda, kichwa kinauma na macho yanafifia akiinama au akisimama, huyo aende haraka, presha ya maji yanayozunguka ubongo inaweza kuwa imepanda na ikiachwa inachukua macho. Mlio unaodunda sikio moja tu unahitaji picha za kichwa na shingo, hata kama presha iko sawa.

KIZUNGUZUNGU KINACHOKUJA NA KUONDOKA

Dunia inazunguka kwa dakika 20 mpaka masaa kadhaa, sikio moja linajaa, linavuma kwa sauti nzito, kusikia kunashuka kisha kunarudi, halafu wiki zinapita uko sawa mpaka shambulio lingine. Daktari ataufikiria ugonjwa wa Ménière, alioueleza Mfaransa Prosper Ménière mwaka 1861. Watapunguza chumvi, watakupa dawa za kutuliza. Kizunguzungu cha sekunde chache tu ukijigeuza kitandani sio hiki, hicho ni kitu kingine na kina tiba yake ya kugeuzwa kichwa.

MENGINE KWA HARAKA

Mlio unabadilika ukiuma meno au ukisukuma taya: angalia taya na kusaga meno usiku, nenda kwa daktari wa meno. Tik-tik-tik zisizofuata moyo: mara nyingi ni misuli midogo ya sikio au kaakaa inacheza. Mwanamke wa miaka 20 mpaka 40, kusikia kunapungua taratibu na kwenye familia wapo wengine, na ujauzito umeongeza: kuna kamfupa kadogo ndani kanaweza kuwa kameganda, na kanafanyiwa upasuaji. Sikio moja tu, miezi, na linazidi kutosikia: omba kupigwa picha ya MRI, uvimbe wa mshipa wa sikio ni nadra ila haupatikani bila kutafutwa.

Na uzee. Babu wa miaka 70 mlio masikio yote mawili, anapandisha taarifa ya habari mpaka nyumba ya tatu wanaisikia, huyo dawa yake ni shime sikio (kile kifaa cha kusaidia kusikia), sio matone. Akianza kusikia vizuri ubongo unaacha kuhangaika na mlio mara nyingi unapungua.

WAMEPIMA HAWAJAONA KITU

Inatokea sana, na haina maana unatunga wala umerogwa. Mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri kwenye chumba kisichopitisha sauti, asilimia 94 wakasema wanasikia mlio fulani. Yaani kelele kidogo wengi tunayo, kinachotutofautisha ni ubongo umeamua kuisikiliza au kuipuuza. Ukiwa na mawazo, hujalala, unauogopa, ubongo unausikiliza zaidi, unakosa usingizi zaidi, mduara huo.

Kwa hiyo ukimya ndo adui. Usiku weka feni, au redio sauti ya chini kabisa, au sauti ya mvua kwenye simu, iwe chini kidogo ya mlio sio juu yake, lengo ni uchanganyike sio ufunikwe. Ushauri nasaha wa kubadilisha namna unavyouchukulia ndo tiba yenye ushahidi mzuri kuliko nyingi, haufuti mlio, unafuta ile hasira na hofu. Kidonge cha kuufuta hakuna mpaka sasa, na anayekuuzia chupa ya mitishamba ya laki na nusu kwa "kusafisha mishipa ya masikio" muulize kwanza amepima usikivu wako kwa kutumia nini. Kahawa wengine wanaitupia lawama, jaribu kupunguza uone, isipobadilika kitu endelea na kahawa yako.

UKIENDA HOSPITALI

Omba daktari wa masikio, pua na koo, hospitali za rufaa za Tanzania kama Muhimbili, KCMC na Bugando wapo. Beba yale majibu manne, beba maboksi ya dawa zote ulizotumia miezi miwili mitatu hiyo hata kama ni za mgongo au uzazi wa mpango, sema kazi yako ni nini bila kungoja kuulizwa, na omba kipimo cha usikivu chenye ile karatasi ya mstari unaopanda na kushuka, karatasi itunze, mwaka ujao watailinganisha. Na asubuhi hiyo usisafishe masikio, najua utaona aibu, daktari anataka ayaone yalivyo.